Benchi la Udhuru

Siku yangu ya kwanza kazini nilitoka kwetu Muyeye hadi Shella kwa miguu, nimevaa vazi la kuogelea ndani ya buibui, kwa kuwa nilidhani msaidizi wa mkufunzi hutakiwa kufika tayari. Nilipofika kwenye bwawa, jasho lilikuwa limenilowesha mpaka kwenye soksi. Mkufunzi Mkuu, Bi. Rukia, mwanamke wa Mambrui mwenye mabega mapana na sauti isiyohitaji filimbi, alinitazama juu mpaka chini.

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema.

"Marahaba. Ushaogelea, au ndiyo wataka kuanza?"

"Nataka kuanza."

"Haya, vua hilo buibui usimame pale kwenye kina. Atakayezama ni wako."

Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu yote ya asubuhi ile. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nimemaliza shule, nangoja kuitwa chuo kikuu. Bwawa lilikuwa la hoteli. Kila Jumamosi, tangu saa moja hadi saa nne, meneja aliwaachia wasichana wa mtaani wajifunze kuogelea. Upande wa barabarani ulizibwa kwa makuti na upande wa hoteli kwa turubai, na mwanamume haruhusiwi kupita hata akiwa ameshika ufagio. Bila turubai lile, hakuna mzazi wa Shella wala Muyeye ambaye angemtoa binti yake.

Kando ya maji mafupi palikuwa na benchi la saruji. Siku ile wasichana wanne walikuwa wameketi pale, wamejifunga leso, wakiwatazama wenzao wakijifunza kuelea. Kuelea ndilo somo la mwanzo katika kazi yetu: mtu hulala chali juu ya maji, masikio ndani, pua nje, akaacha maji yambebe. Ni rahisi kueleza na ni vigumu kuamini. Nikamuuliza Bi. Rukia kwa nini wale wanne hawaingii.

"Wana udhuru."

"Udhuru gani, wote wanne?"

Aligeuza shingo akanitazama. "Kwani wewe huwa huna?"

Ndipo nikaelewa. Kwetu pwani neno hilo lina heshima zake. Mwanamke akisema ana udhuru, yaani siku zake za mwezi zimefika, hasali, hafungi, wala haulizwi zaidi. Tatizo ni kwamba mimi nilizaliwa na maradhi ya kuuliza zaidi. Ndiyo, ni neno zuri, humsitiri mtu. Lakini niliona pia kwamba liliwaketisha wasichana wale benchini Jumamosi moja katika kila nne, na kwamba waliporudi majini wiki iliyofuata, mwili ulikuwa umesahau kuelea na hofu imerudi pale pale ilipoachwa.

"Sasa wafanyeje?" nikauliza.

"Wakae. Benchi ni lao."

Jumamosi ya tatu meneja alikuja akasimama nyuma ya turubai. Hatukumwona ila viatu.

"Bi. Rukia! Mwenye hoteli ataka waokozi wawili wenye vyeti. Mmoja afundishe, mmoja atazame. Wewe una cheti. Huyo msichana wako anacho?"

"Hana bado."

"Basi nikupe kijana wangu wa ufukweni."

"Mwanamume haingii hapa, Meneja, wajua."

"Najua. Ndiyo maana nasema msichana apite mtihani. Mtahini yuaja kutoka Mombasa wiki ya tano kutoka sasa, na akiondoka harudi mpaka mwakani. Asipopita, Jumamosi nazifunga."

Viatu vikaondoka. Wasichana thelathini na kitu walikuwa majini na wote walikuwa wamesikia. Mtoto mmoja mdogo akaniuliza, "Mwalimu Zulfa, utapita?" Nikasema ndiyo, huku nikihesabu kwa vidole mgongoni. Siku zangu zilikuwa zikienda kama saa ya msikitini. Nilihesabu mara mbili, jibu likawa lile lile. Mtihani ungeangukia siku yangu ya pili, ile nzito kuliko zote.

Nilimwambia Bi. Rukia tukiwa tunakunja kamba za kuokolea, zile anazotupiwa mtu aliyechoka majini.

"Mwalimu, siku ya mtihani nitakuwa na udhuru."

Alimaliza kukunja kamba, akaenda kwenye mkoba wake, akarudi na kisanduku cha buluu. Ndani mlikuwa na vipande vya pamba iliyobanwa, kila kimoja kama kidole cha mwisho, chenye uzi mkiani. Zinaitwa tamponi, na huvaliwa ndani ya mwili. Kisodo cha kawaida hakifai majini, kwa sababu hunywa bwawa kabla ya kunywa damu.

"Mimi huogelea nazo miaka kumi na mitano," akasema.

"Na hukuwaambia wale wa benchini?"

"Nimwambie mtoto wa watu, kesho mamake aje kunivua nguo hapa? Wewe nakwambia kwa sababu ya mtihani. Siku zako za karibu ni lini?"

"Wiki ijayo."

"Vizuri. Za wiki ijayo ni za kujifunzia. Zinazofuata ni za mtihani. Usijaribu ukiwa mkavu, utajiumiza bure."

Wiki ile ilifika. Nilijifungia chooni kwenye chumba cha kubadilishia nguo, naye akasimama nje ya mlango akinielekeza kama anavyowaelekeza wanaojifunza kupiga mbizi.

"Umenawa mikono?"

"Nimenawa."

"Weka mguu mmoja juu ya ndoo. Pumua. Legeza tumbo, legeza mapaja. Sasa elekeza pale anapokaa mtoto, usukume polepole."

Nilikuwa nimeongoza darasa katika biolojia. Pale anapokaa mtoto nilipajua kwa jina, kwa mchoro na kwa rangi. Nikaelekeza juu, mbele, kwenye tumbo la uzazi. Kitu kikagonga, kikagoma. Nikasukuma tena, machozi yakanitoka.

"Imeingia?"

"Imeingia nusu."

"Nusu haipo, mwanangu. Ikiwa mahali pake huihisi. Kaa kidogo uone."

Nilikaa. Nilihisi kama nimekalia gunzi. Kuitoa kukawa kubaya zaidi, kwa kuwa ilikuwa bado kavu. Nilitoka nje nikamrudishia kisanduku nikamwambia jambo lile mwili wangu umelikataa, na kama Jumamosi zitafungwa basi zifungwe. Hakubishana. Alikiweka kisanduku ndani ya buibui langu lililokunjwa, akaenda kuwafundisha watoto.

Nilikuwa sijamwambia kwamba si maumivu pekee yaliyonitoa machozi. Kwetu, msichana akivunja ungo, yaani akiona hedhi ya kwanza, hukabidhiwa kwa mwanamke mzima asiyekuwa mamake, amfundishe usafi, josho la kujitwaharisha na siri za mwili. Mwanamke huyo huitwa somo. Wangu alikuwa Bi. Mwanakheri, rafiki wa marehemu bibi yangu. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili alinifundisha mengi kwa upole, na moja kwa ukali: "Usiingize kitu. Utafungua kisichofunguliwa." Mle chooni, mguu juu ya ndoo, nilikuwa nikimsikia yeye kuliko Bi. Rukia.

Alasiri ile nilikwenda kwake kugombana. Nilimkuta barazani akichambua mchele.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umevimba? Waja na kilio ama waja na maswali?"

"Nakuja na swali. Uliniambia pamefungwa."

"Wapi?"

"Pale. Uliniambia nisifungue kisichofunguliwa. Kama pamefungwa, somo, hii damu ya kila mwezi hupitia wapi?"

Mkono wake ulisimama juu ya ungo. Nilimwona akilifikiria swali lile. Nilitegemea anifukuze. Badala yake alitoa kijiwe kwenye mchele akakitupa uani.

"Niliambiwa hivyo na somo wangu," akasema. "Nami nikawaambia nyinyi. Sikuuliza."

"Kwa nini hukuuliza?"

"Kwa sababu sikuwa na ulimi kama wako. Haya, na wewe umefanya nini hata waja kuniuliza leo?"

Nikamweleza yote: mtihani, meneja, kisanduku, ndoo. Akasikiliza kama asikilizaye habari za harusi. Kisha akataka nirudie maneno ya Bi. Rukia vile vile yalivyokuwa.

"Alisema, elekeza pale anapokaa mtoto."

"Nawe ukaelekeza wapi?"

Nikashika tumbo.

Bi. Mwanakheri alicheka mpaka ungo ukapinduka na mchele ukamwagika barazani. Alicheka akajifuta macho kwa ncha ya leso, akanitazama, akaanza tena.

"Mtoto wa mgongoni, we punguani! Yule ni mtu wa Mambrui. Mambrui mtoto hukaa mgongoni. Nyinyi wa vitabuni ndio mtoto wenu akaa kwenye picha!"

Aliingia ndani akatoka na mto na leso. Akaniweka mto mgongoni, akanifunga leso kifuani kama mama aendaye sokoni, kisha akagonga kwa kidole chini ya mto, pale kiuno kinapoingia ndani kidogo, juu ya makalio.

"Hapa ndipo mtoto anapokaa. Njia ya mwanamke haikupanda juu kama ngazi. Imelala, yaelekea nyuma. Aliyezaa ajua. Wewe ulikuwa wasukuma ukuta ukidhani ni mlango."

Nilisimama barazani na mto mgongoni, mhitimu wa biolojia, nikijisikia mjinga na mwepesi kwa wakati mmoja.

Kuhusu lile la kufunguliwa, hakutaka kulimaliza kwa kubahatisha, wala mimi sikutaka. Tulikwenda sote wawili zahanati kumwona muuguzi. Yeye alisema waziwazi kwamba bikira si kifuniko. Ni ngozi laini iliyozunguka njia, ina nafasi yake katikati, hunyumbulika, na kila mwanamke ameumbiwa yake. Wapo ambao yao huchanika kidogo kwa michezo au kwa pamba hii, na wapo ambao haichaniki kabisa, na hakuna anayeweza kuitazama akasoma heshima ya mtu. Akaniambia nianze na saizi ndogo kuliko zote, nibadilishe kila baada ya saa nne, isizidi nane kamwe, na nikipata homa ya ghafla, kutapika au vipele nikiwa nayo, niitoe na nije hospitali bila kungoja.

Tulirudi kwa miguu mimi na Bi. Mwanakheri. Tulipokaribia kwake akasema, "Nina wasichana ishirini na mmoja niliowaambia lile neno."

"Utafanyaje?"

"Nitawaambia jingine. Mdomo wangu ungali hai."

Kesho yake nilijaribu tena, nyumbani, bila mtu mlangoni. Nilinawa, nikaweka mguu kitandani, nikapumua kama ninavyowafundisha watoto kupumua kabla ya kuelea, na nikaelekeza pale palipokuwa na mto. Ilikwenda. Ilifika mahali ikatulia, uzi ukabaki nje. Nilisimama nikingoja maumivu. Nikatembea mpaka jikoni. Nikachuchumaa kuwasha jiko. Hayakuja. Bi. Rukia alikuwa amesema kweli, ikiwa mahali pake huihisi, na mimi sikuamini mpaka nilipojikuta nakata vitunguu na nimeisahau.

Siku ya mtihani nilikuwa na udhuru wangu kama nilivyohesabu. Mtahini alikuwa mama mwembamba mwenye kofia ya jua. Kwanza alinitaka nikanyage maji, yaani nisimame wima kwenye kina kwa kuchezesha miguu, mikono ikiwa juu. Kisha nimvute mtu mzima upana wa bwawa huku uso wake uko nje ya maji. Mwisho akatupa tofali kwenye kina, likazama, akasema nilitoe. Nilizama nikalikuta, nikalikumbatia, nikasukuma sakafu kwa miguu. Nilipotoka juu na kupumua, jambo la kwanza nililofikiri ni kwamba tofali lile ni zito. Nilikuwa nimelifikiria tofali peke yake. Mwezi mmoja nyuma nisingeamini kwamba siku kama ile ningeweza kufikiria tofali peke yake.

Viatu vya meneja vilikuwa nyuma ya turubai. "Amepita?"

"Amepita!" Bi. Rukia akajibu, kisha watoto wote wakarudia, na mwangwi ukajaa bwawa.

"Basi Jumamosi ni zenu," viatu vikasema, vikaenda zao.

Baada ya hapo nilitaka kila msichana aokoke kama mimi. Nilipoanza masomo ya chuo Kilifi, nilipewa kazi ya mwishoni mwa wiki kwenye bwawa la shule moja huko, chini ya Mwalimu Mlezi, mama mkali wa kupenda utaratibu. Nilianza na mto na leso, na wazazi nikawaita mapema waje wasikie wenyewe. Mwalimu Mlezi aliniita ofisini.

"Zulfa, hapa hatufundishi mambo ya chooni."

"Mwalimu, nusu ya darasa huwa benchini kwa mambo ya chooni."

Akatazama dirishani, akahesabu walioketi benchini, akaniruhusu. Wengi walijifunza, na makosa yakawa yale yale: kusukuma juu, kukaza mwili, kuitoa ikiwa kavu, kuanza na saizi kubwa. Niliona nimefaulu. Basi nikafanya jambo nililodhani ni la ushujaa. Benchi la pale lilikuwa la mbao. Nililibeba nikaliweka stoo, nikatangaza kwamba katika darasa langu hakuna udhuru tena.

Wiki ile ile Kadzo aliacha kuja. Alikuwa msichana wa Matsangoni aliyemaliza kidato cha nne, mwogeleaji bora kuliko mimi. Nilingoja Jumamosi mbili, kisha nikamfuata. Nilimkuta kando ya barabara akimsaidia mamake kuuza mahamri na mbaazi. Alinifungia mawili kwenye gazeti kabla sijasema neno.

"Kadzo, mbona huji?"

"Uliondoa benchi, Mwalimu."

"Lakini nimekufundisha. Huhitaji benchi."

"Ulinifundisha. Sikusema nataka." Aliangalia chini, kisha akainua uso. "Zamani nikiwa sitaki, nilikuwa na pa kukaa. Sasa nisipoingia majini, sina mahali."

Mamake aliacha kupakua mbaazi. Mimi, niliyezoea kuwauliza wazee maswali yasiyo na jibu, safari hii nilikuwa nimesimama upande wa wazee, mahamri mkononi. Nilikuwa nimechukua mlango wa Bi. Mwanakheri uliofungwa na kuugeuza mlango usiofungika. Yeye aliwaambia wasichana usithubutu, mimi niliwaambia ni lazima, na kati yetu wawili hakuna aliyewauliza.

"Jumamosi benchi litakuwepo," nikasema.

"Basi nami nitakuwepo."

Nililirudisha. Kadzo alikaa pale miezi miwili kila zilipofika siku zake, akitafuna ukwaju na kuwakosoa wenzake. Mwezi wa tatu alinifuata stoo akauliza, kama aulizaye bei ya chumvi, "Ule mto uko wapi?" Baadaye alifanya mtihani wa uokozi akapita kwa alama zilizozidi zangu, na hakukosa kunikumbusha.

Bi. Rukia alipochoka, nilirudi Shella kushika nafasi yake, na Kadzo akaja kuwa mwokozi wa pili. Tulifanya kazi pamoja mpaka bega langu la kulia likakataa. Daktari alisema nimelitumia kama mashine ya kusaga. Nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na sita. Mnaosoma mnaweza kucheka, hata Bi. Mwanakheri alicheka, akasema yeye ana themanini na hajastaafu kitu.

Wadogo zangu huniuliza ni nini hasa nilichojifunza katika kazi ile. Kuogelea niliwakuta wengi wanajua kuliko mimi. Nilijifunza kwamba sentensi moja inaweza kuwa ya kweli na bado ikamwumiza mtu, kwa sababu aliyeisema na aliyeisikia hawabebi mtoto mahali pamoja. Tangu hapo sikumwambia msichana elekeza hapa bila kumuuliza, hapa ni wapi kwako? Nilijifunza pia kuwatilia shaka wenye uhakika, na mimi ni mmojawao.

Jumamosi yangu ya mwisho nilifika na nguo kavu, nikiwa sina kazi. Kadzo alikuwa kwenye maji mafupi na mto mgongoni juu ya vazi la kuogelea, umelowa, ukimdondoshea maji, akiwaeleza wasichana watano waliokuwa wakicheka wasijiweze. Nilitazama benchi la saruji. Alikuwepo mmoja tu, mtoto wa Muyeye nisiyemjua jina, amejifunga leso, miguu ikining'inia.

Nikaketi kando yake. Mazoea yakanishinda, nikauliza kwa sauti ndogo, "Una udhuru?"

Alinitazama kama nilivyotazamwa na Bi. Rukia siku ya kwanza.

"La, Mwalimu," akasema. "Nimechoka tu."

Akasogea kidogo, akanipa nafasi.